Namna ya Kusoma Rekodi ya Machapisho ya Mtafiti wa Tiba na Uzito wa Nukuu Zake

Orodha ya machapisho ya mtafiti wa tiba hupitiwa na watu wengi kwa sababu mbalimbali. Mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo huisoma kabla ya kikao, mwanafunzi huisoma anapotafuta msimamizi wa tasnifu, mhariri wa jarida huisoma anapotafuta mhakiki, na mwandishi wa habari huisoma ili ajue kama bingwa anayehojiwa amewahi kulitafiti jambo analolisemea. Wote hao hukutana kwanza na namba mbili au tatu zilizowekwa juu ya ukurasa: jumla ya makala, jumla ya nukuu (yaani mara ambazo kazi zake zimetajwa kama rejea katika machapisho mengine), na kipimo cha h, kinachoelezwa katika hatua ya saba. Ni rahisi kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume, ambamo namba huja karibu na mwisho, baada ya kujua ni nini hasa kimehesabiwa.

Hatua ya kwanza: andika swali unalotaka kulijibu

Kabla ya kufungua kanzidata yoyote, andika sentensi moja inayosema unataka kujua nini. Anayetafuta msimamizi anahitaji kujua kama mtafiti bado anafanya kazi kwenye uwanja husika na kama wanafunzi wake huchapisha wakiwa waandishi wa kwanza. Kamati ya ajira inataka kujua mchango wa mtu mwenyewe, si wa kundi lake. Rekodi ni ile ile, lakini sehemu za kukaziwa macho ni tofauti, na asiyekuwa na swali hujikuta akisifu tu wingi.

Hatua ya pili: hakikisha makala zote ni za mtu huyo mmoja

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. PubMed, kanzidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, kwa kawaida huonesha jina la ukoo na herufi za mwanzo za majina mengine, kwa hiyo watu kadhaa wenye jina la ukoo linalofanana wanaweza kuonekana kama mtu mmoja. Kinyume chake pia hutokea: mtafiti aliyebadilisha jina baada ya ndoa, au ambaye baadhi ya majarida yalichukua jina la baba yake kuwa jina la ukoo na mengine hayakufanya hivyo, hugawanyika kuwa watu wawili au watatu, kila mmoja akiwa na rekodi nyembamba.

Anza na namba ya ORCID kama mtafiti anayo. Mfumo huo ulianza mwaka 2012, na kila mtafiti aliyejisajili hupewa namba yenye tarakimu 16 zilizopangwa katika mafungu manne, ambayo tarakimu yake ya mwisho wakati mwingine huwa herufi X. Namba hiyo hutenganisha majina yanayofanana, ila kumbuka kwamba mwenye wasifu ndiye huamua kipi kiwekwe ndani yake, na wengi hujisajili kisha wasirudi tena. Kwa sababu hiyo, linganisha orodha ya ORCID na ile unayoipata kwa kutafuta jina pamoja na taasisi alizopitia.

Wasifu wa Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, unahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa mwenye wasifu anaweza kuuacha uongeze makala wenyewe bila yeye kuzipitia. Dalili za mchanganyiko huonekana kwa macho: makala ya meno ya mwaka 1974 kwenye rekodi ya daktari wa moyo aliyehitimu mwaka 2009, au taasisi tatu za mabara matatu ndani ya mwaka mmoja. Ukiona hivyo, panga orodha yote kwa miaka na uipitie kuanzia makala kongwe zaidi, kwa sababu mwanzo wa orodha ndiko makala za watu wengine hujitokeza wazi.

Hatua ya tatu: kusanya kutoka zaidi ya chanzo kimoja

Hakuna kanzidata inayohesabu kila kitu. Web of Science na Scopus hulipiwa, nazo huhesabu nukuu zinazotoka kwenye majarida na vitabu vilivyochaguliwa. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, mwaka ule ule na Scopus, ni ya bure na huchota hata tasnifu, ripoti na maandiko ya awali ambayo hayajahakikiwa, hivyo idadi yake huwa kubwa zaidi. PubMed ni bora kwa kupata orodha safi ya makala za tiba, lakini haikukusudiwa kuwa mashine ya kuhesabu nukuu. Tofauti ya namba kati ya vyanzo hivi si ushahidi wa udanganyifu. Kosa ni kuchukua namba ya mtafiti mmoja kutoka Google Scholar na ya mwenzake kutoka Scopus, kisha kuwalinganisha.

Andika tarehe uliyotafuta, kwa sababu nukuu huongezeka kila wiki.

Hatua ya nne: tenganisha aina za makala na nafasi ya jina

Chukua orodha uliyoisafisha na uigawe. Upande mmoja weka tafiti zenye data mpya: majaribio ya kitabibu, tafiti za kufuatilia wagonjwa kwa muda, tafiti za maabara. Upande mwingine weka mapitio ya kimfumo (yanayokusanya tafiti zote za swali moja kwa utaratibu uliowekwa) na uchambuzi wa pamoja (unaounganisha takwimu za tafiti kadhaa), halafu mapitio ya kawaida, taarifa za mgonjwa mmoja, tahariri na barua kwa mhariri. Mgawanyo huu hubadilisha sura ya rekodi kuliko hesabu yoyote itakayofuata. Rekodi ya makala 120 inaweza kuwa na barua 60, na hakuna ubaya katika kuandika barua, ila barua ya aya mbili haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na jaribio lililochukua miaka sita.

Makala za mbinu nazo zina tabia yake. Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, iliyoeleza namna ya kupima protini kwenye maabara, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, na ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa makala iliyonukuliwa kuliko zote katika sayansi. Imenukuliwa kwa sababu kila aliyetumia kipimo hicho alitakiwa kutaja alikokipata. Manufaa yake ni makubwa, lakini si ya aina moja na manufaa ya ugunduzi unaobadilisha matibabu ya ugonjwa. Ukikuta kwenye rekodi makala moja inayoyapita mengine yote kwa nukuu, uliza kwanza kama ni dodoso, kipimo, programu ya takwimu au ufafanuzi wa ugonjwa.

Kisha tazama nafasi ya jina. Katika tiba, desturi iliyozoeleka ni kwamba mwandishi wa kwanza ndiye aliyebeba kazi nyingi, wa mwisho ni kiongozi wa kundi au wa maabara, na walio katikati wamechangia kwa viwango vinavyotofautiana sana. Mwandishi wa mawasiliano, yaani anayejibu maswali kuhusu makala, mara nyingi huwa mmoja wa hao wawili wa pembeni. PubMed hukuruhusu kutafuta kwa nafasi: baada ya jina, weka 1au ndani ya mabano ya mraba ili upate makala ambazo mtu huyo ni wa kwanza, au lastau ili upate ambazo yeye ni wa mwisho. Hesabu mafungu matatu, kwa miaka mitano mitano. Mtafiti anayekua huanza akiwa mbele, hupita kipindi cha mchanganyiko, kisha huonekana zaidi mwishoni mwa safu. Aliyekaa katikati kwa miaka ishirini anaweza kuwa mtaalamu wa takwimu ambaye bila yeye hakuna jaribio lingefanyika, na anaweza pia kuwa mkuu wa idara ambaye jina lake huwekwa kwa heshima. Nafasi pekee haitakuambia ni yupi kati ya hao.

Kinachoweza kukuambia ni aya ya michango iliyo mwishoni mwa makala. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, inayojulikana kwa kifupi ICMJE, inataka kila mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi au katika kupata, kuchambua au kufasiri data, awe ameandika au kuhakiki andiko kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Majarida mengi sasa huorodhesha nani alifanya nini. Isome aya hiyo kwenye makala kumi hivi. Mtu ambaye kila mara ametajwa kwa «kusimamia» na «kupata fedha» tu ana rekodi ya uongozi, na huenda hilo ndilo unalolitafuta.

Tafiti za mitandao mikubwa zinahitaji fungu lao. Makala za mradi wa kupima mzigo wa magonjwa duniani, unaoratibiwa na taasisi ya IHME ya Seattle, huwa na waandishi mamia na hunukuliwa maelfu ya mara. Mtafiti aliyeshiriki katika makala kadhaa za namna hiyo hupata nukuu nyingi mno kwa sehemu ndogo ya kazi. Mimi huandika hesabu mbili, moja pamoja na makala hizo na nyingine bila hizo, na mara nyingi tofauti kati ya hesabu hizo mbili hueleza mambo kuliko hesabu yenyewe.

Hatua ya tano: soma makala chache kwa ukamilifu

Mwombe mtafiti akutajie makala tano anazoziona kuwa bora, au zichague mwenyewe kama huwezi kumwuliza, kisha zisome nzima, wala si muhtasari pekee. Kwa majaribio ya kitabibu, tafuta namba ya usajili na uifungue. Tangu mwaka 2005 majarida ya ICMJE yamekuwa yakidai jaribio lisajiliwe kabla ya kuandikisha wagonjwa, na sajili kama ClinicalTrials.gov huhifadhi matoleo ya zamani ya mpango wa utafiti. Linganisha matokeo makuu yaliyoahidiwa na yaliyoripotiwa. Ikiwa mpango uliahidi kupima vifo na makala inashangilia kupungua kwa kiashiria cha damu, tayari umepata jambo ambalo hakuna kipimo cha nukuu kingekuonesha.

Hatua ya sita: tafuta makala zilizobatilishwa

Kanzidata ya Retraction Watch hukusanya makala zilizobatilishwa, yaani zilizotangazwa rasmi kuwa haziaminiki tena, na tangu mwaka 2023, baada ya kuchukuliwa na shirika la Crossref, imekuwa wazi kwa kila mtu. Tafuta jina, kisha soma tangazo la ubatilisho lenyewe. Kuna ubatilisho wa heshima, ambapo waandishi wamegundua kosa la maabara na kulitangaza wenyewe. Huo usihesabiwe dhidi yao. Upo pia wa data za kubuni.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika mkasa wa Joachim Boldt, daktari wa usingizi wa Ujerumani, ambaye zaidi ya makala 100 zake zimebatilishwa. Baadhi zilihusu maji ya mishipa aina ya hydroxyethyl starch yaliyokuwa yakitumika kwa wagonjwa mahututi. Uchambuzi wa pamoja uliotoka katika jarida la JAMA mwaka 2013 ulionesha kwamba majaribio yake saba yalipotolewa kwenye hesabu, maji hayo yalihusishwa na ongezeko la vifo. Nukuu za kazi zake hazikuwa zimefutika kwa sababu ya ubatilisho, na hata leo idadi ya nukuu kwenye wasifu wa mtafiti yeyote hujumuisha zile za makala zilizobatilishwa, isipokuwa wewe mwenyewe uzitoe.

Hatua ya saba: sasa hesabu

Kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha shuka hadi mahali ambapo nafasi ya makala inazidi nukuu zake. Tuseme mtafiti ana makala saba zenye nukuu 48, 31, 19, 12, 7, 5 na 2. Makala ya tano ina nukuu 7, hivyo imepita. Ya sita ina nukuu 5 tu, haikufika 6. Kipimo chake cha h ni 5. Sasa badilisha 48 iwe 4,000: h inabaki 5. Kipimo hiki hakijali makala moja iliyotikisa uwanja mzima, na hakiwezi kushuka hata mtu akistaafu, ndiyo maana humpendelea mwenye umri mkubwa wa kazi. Hirsch mwenyewe alipendekeza h igawanywe kwa miaka tangu chapisho la kwanza. Ukifanya hivyo, punguza miaka ya likizo ya uzazi, ugonjwa au kazi ya hospitali isiyo na utafiti.

Kipimo cha athari cha jarida, kilichotokana na kazi ya Eugene Garfield, ni kitu kingine kabisa. Huchukua nukuu za mwaka mmoja kwa yaliyochapishwa na jarida katika miaka miwili iliyotangulia, na kuzigawanya kwa idadi ya makala na mapitio ya miaka hiyo miwili. Jarida lililochapisha makala 400 katika miaka miwili, zikanukuliwa mara 2,000 mwaka unaofuata, lina kipimo cha 5. Lakini nukuu hizo hazikugawanyika sawa: makala chache hubeba sehemu kubwa, na nyingi hubaki chini ya wastani. Kwa hiyo kumpa mtafiti alama kwa kipimo cha jarida ni kumpa sifa ya jirani zake. Azimio la San Francisco, lililoandaliwa Desemba 2012 na kufahamika kwa kifupi DORA, lilitaka waziwazi vipimo vya majarida visitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja katika ajira, vyeo na ufadhili. Taasisi nyingi zimelitia saini. Fomu za baadhi yake bado zina safu ya kipimo cha jarida.

Ukihitaji kulinganisha watu wa nyanja tofauti, tumia kipimo kinachozingatia uwanja. Saratani na moyo hunukuliwa kwa wingi kwa kuwa watafiti wake ni wengi, wakati anatomia au ugonjwa adimu una wasomaji wachache. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina huduma ya bure iitwayo iCite: unaweka namba za PubMed za makala, nayo hukupa uwiano unaolinganisha kila makala na makala nyingine za uwanja na umri wake, ambapo 1.0 ni kiwango cha kati cha makala zilizofadhiliwa na taasisi hizo. Usiutumie kwa makala ya mwaka jana, kwa sababu nukuu chache mno huyumbisha uwiano.

Halafu toa nukuu za mtu kujinukuu na uone kinachobaki. Scopus ina kitufe cha kufanya hivyo. Kujinukuu kwa kiasi ni kawaida, hasa kwa anayeendeleza utafiti mmoja kwa miaka. Nusu ya jumla ikiwa inatoka kwa mwandishi na washiriki wake, omba maelezo. Michezo hiyo hufanywa hata na majarida: mwaka 2013 majarida manne ya tiba ya Brazil yalisimamishwa kwenye orodha ya vipimo kwa kupangiana nukuu.

Hatua ya nane: soma nukuu zenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Chukua makala kuu ya mtafiti, fungua makala thelathini zinazoinukuu, na tafuta sentensi ambamo imetajwa. Utaona kama imetumiwa kujenga hoja, imepingwa, au imetupwa kwenye mabano pamoja na nyingine kumi katika utangulizi.

Mfano unaostahili kukumbukwa ni barua ya aya moja ya Jane Porter na Hershel Jick, iliyotoka katika New England Journal of Medicine mwaka 1980. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa na kupewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, waliopata uraibu walikuwa wanne. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walifuatilia barua hiyo, wakakuta imenukuliwa mara 608. Asilimia 72.2 ya nukuu hizo ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80.8 hazikutaja kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa hospitalini. Kwa hesabu tu, barua ile ina athari ambayo watafiti wengi hawataifikia. Kwa kusoma, ni kumbukumbu ya namna matibabu yalivyopotoshwa, na kosa halikuwa la waandishi wake.

Kinyume chake, kimya nacho hudanganya. Makala ya Katalin Karikó na Drew Weissman ya mwaka 2005, kuhusu kubadilisha vijenzi vya RNA (molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) ili mwili usiikatae, haikuvuta macho ya wengi ilipotoka; mwaka 2023 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kamati iliyokaa mwaka 2008 ikitazama nukuu pekee isingekuwa na la kusema.

Ukimaliza majarida, tafuta jina la makala kwenye miongozo ya matibabu ya Shirika la Afya Duniani na ya vyama vya wataalamu. Nukuu moja ndani ya pendekezo la matibabu huweza kugusa wagonjwa wengi kuliko nukuu mia za utangulizi, na vipimo vya kawaida huziona zote sawa.

Hatua ya tisa: andika ripoti

Iandike kwa sentensi, na kila namba iwe na chanzo na tarehe yake. Badala ya «h ni 24», andika kwamba kwa mujibu wa Scopus, tarehe fulani, mtafiti ana makala kadhaa, ngapi akiwa wa kwanza, ngapi wa mwisho, h ni kiasi fulani bila tafiti za waandishi mamia, na kwamba makala yake fulani imetumika katika mwongozo fulani wa matibabu kwa jambo fulani. Taja makala ulizosoma, na useme uliona nini ndani yake, hata kama ni dosari ndogo. Kabla ya kuiwasilisha, mpelekee mtafiti orodha ya machapisho uliyoitumia, bila maoni yako, ili aongeze yaliyokosekana na kuondoa yasiyo yake. Mpe wiki moja, na akirudisha orodha yenye mabadiliko, rudia hesabu kutoka chanzo kile kile.